Aina bora ya kiazi hupunguza fukusi, haiwamalizi

Kiangazi kinapokaribia, wakulima wa viazi vitamu huuliza aina ipi isiyoliwa na fukusi. Aina hiyo haipo. Zipo zinazoliwa kidogo kuliko nyingine, na hizo humfaa zaidi anayejua kinga ya kila aina inatoka wapi. Nchini Uganda, watafiti waliichunguza aina ya New Kawogo, iliyotolewa rasmi mwaka 1995, wakakuta utomvu wa ganda lake una kemikali zinazomfanya fukusi ale kidogo na kutaga mayai machache. Huo ni ukinzani halisi. Aina nyingine husalimika kwa kukwepa tu: huzaa viazi chini zaidi, au hukomaa kabla udongo haujapasuka. Fukusi hana uwezo wa kuchimba. Hupenya kwenye nyufa mpaka akifikie kiazi. Kwa hiyo aina inayokomaa mapema ikiachwa shambani hadi ardhi ipasuke, imeshapoteza kinga yake.

Wapo wanaotegemea dawa. Lakini funza wa fukusi huishi ndani ya shina na kiazi, ambako dawa ya kunyunyizia haimfikii. Hata viazi vilivyoingizwa jeni za bakteria wa Bt havikufanikiwa kumdhibiti shambani. Hoja yenye uzito zaidi ni ya mkulima anayesema kwamba shamba ndilo ghala lake: huchimba vya kula leo, vingine hubaki. Ni kweli, ila kiazi kilichotobolewa hujitengenezea kemikali chungu, hata sehemu isiyoguswa isilike. Afadhali kuvuna vyote vikishakomaa, na vinavyozidi kuvikata na kuvianika viwe michembe, kama wafanyavyo Wasukuma. Mwingine atasema New Kawogo ina nyama nyeupe, nao watoto wanahitaji vitamini A ya viazi vya rangi ya chungwa. Apande hivyo vya chungwa, mradi ajue kwamba kazi ambayo utomvu ungemsaidia sasa ataifanya kwa jembe.

Kazi yenyewe ni hii. Kata mapando kwenye ncha za marando, maana fukusi hupenda kutaga kwenye shina kuukuu. Panda mbali na shamba la msimu uliopita na uondoe masalia yake. Inua matuta, na kila unapoona ufa, upandishie udongo. Ukiwa na aina mbili zinazolingana kwa mavuno na ladha, chagua inayozaa chini au kukomaa mapema, kisha ivune kwa wakati wake.