SOMO LA LEO: KABLA HUJASAINI, TAFUTA MLANGO WA KUTOKEA

Leo tunajifunza mikataba kupitia UFC, wale wa mapigano mchanganyiko. Hata kama huangalii ngumi soma mpaka mwisho, maana wengi humu tunasainishwa makaratasi na wauzaji wa jumla halafu hatuyasomi.

Francis Ngannou ni Mkameruni, utotoni alichimba mchanga kijijini kwao. Machi 2021 akachukua mkanda wa uzito wa juu wa UFC. Januari 2022 akautetea kwa kumshinda Ciryl Gane. Hapo mvutano wa mkataba ulikuwa umeshapamba moto. Jamaa hakudai hela tu. Alitaka ruhusa ya kupigana ndondi, wadhamini wake mwenyewe, na bima ya afya kwa wapiganaji. Hawakuelewana.

Sasa angalia mtego. Mikataba ya UFC ilikuwa na kipengele kwamba ukiwa bingwa, mkataba unajiongeza. Yaani ukifanikiwa ndiyo unafungwa zaidi! Kilichomwokoa ni ukomo wa miaka 5. Baada ya Gane hakupigana tena, akafanyiwa upasuaji wa goti, Desemba 2022 muda ukaisha. Januari 2023 UFC wakamwachia, wakaachia pia haki yao ya kufikia ofa ya mshindani. Mkanda wakauchukua.

Mei 2023 akasaini PFL, washindani wa UFC, waliomruhusu kupigana ndondi. Oktoba akamwangusha Tyson Fury raundi ya 3 kule Riyadh, japo alishindwa kwa pointi. Machi 2024 Anthony Joshua akamlaza raundi ya 2. Kwa hiyo uhuru nao una bei yake, tusidanganyane.

Tunachukua nini kwenye biashara zetu?

1. Tafuta tarehe ya mwisho. Kama karatasi inasema mkataba unajiongeza wenyewe, uliza unakoma lini na kwa masharti gani.

2. "Usiuze mzigo wa mwingine" ina thamani. Anayetaka uuze wa kwake tu akupe kitu: bei ya chini, mzigo wa mkopo, au eneo lako peke yako. Hatoi kitu? Usimfunge yeye bure, na yeye asikufunge bure.

3. Bei siyo kila kitu. Nani anabeba hasara mzigo ukiharibika njiani? Ukurasa na namba za wateja ni za nani mkiachana?

4. Weka akiba ya kusubiri. Ngannou alikaa bila pambano zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Asiye na akiba anasaini chochote.

5. Mjue mshindani wa anayekuuzia. Mwenye duka moja tu la kuchukulia mzigo hana sauti.

Mimi mwaka jana muuzaji wa jumla wa mabegi aliniletea karatasi: nisichukue kwa mwingine, na nikivuka kiwango fulani cha mauzo mkataba unajiongeza. Nikaomba tuandike miezi 6, na akipandisha bei niwe huru. Alininunia siku mbili, akakubali. Bado tunafanya kazi vizuri.

Kama una karatasi kama hiyo, itoe leo jioni uitafute tarehe ya mwisho. Usipoiona, uliza kabla hujachukua mzigo mwingine. Mtumie na mwenzako anayetaka kusaini wiki hii.