Picha za Saitoti Zilizo Kabatini

Kuanzia Magadi hadi Kitengela, nyumba nyingi bado zina picha za Profesa George Saitoti: amevishwa shuka na wazee, anafungua darasa, anahutubia harambee. Alikuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini tangu 1988, enzi ambazo Magadi ilikuwa ndani ya eneobunge hilo, mpaka tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi ilipoanguka katika msitu wa Kibiku, Ngong. Yeye, waziri msaidizi Orwa Ojode na watu wengine wanne walifariki. Saitoti alizikwa Kitengela mwezi huohuo.

Sura yake imejaa magazetini. Picha ya nyumbani ina wale ambao gazeti liliwakata pembeni: akina mama waimbaji, chifu, mwalimu mkuu, vijana waliobeba viti. Kwa hiyo anza na majina, skana baadaye. Mashine itakungoja, mzee anayewakumbuka watu hawa huenda asikungoje.

Keti naye mchana, penye mwanga. Uliza aliye kushoto kabisa, kisha songa kulia, safu ya mbele kwanza. Akikubali, mrekodi kwa simu. Miongoni mwa Wamaasai wa rika la zamani, kutaja jina la marehemu si jambo jepesi. Usimbane. Akisema "baba yao wale wa boma la mtoni", andika hivyohivyo. Kijana wa boma hilo atakukamilishia. Jina usilolijua liache wazi, kwa sababu jina la kubahatisha likishaandikwa hugeuka ukweli.

Mwaka ukikosekana, soma picha yenyewe. Bango la jogoo wa KANU linakurudisha kabla ya mwisho wa 2002, Saitoti alipokihama chama hicho. Akiwa Makamu wa Rais, hiyo ni kati ya 1989 na Agosti 2002, ukitoa miezi ya 1998 na 1999 ambapo kiti kilikuwa wazi. Akiwa na wanafunzi kama Waziri wa Elimu, ni baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza, Januari 2003. Na ukiona kibao cha serikali ya kaunti, hiyo ni kumbukumbu iliyofanywa baada yake, kwani serikali za kaunti zilianza 2013.

Andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Vumbi la Magadi liondoe kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kitaharibu uso wa picha. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, ipige picha papo hapo ukiwa umeikingia mwanga unaorudi. Zilizo kwenye albamu za gundi zihamishie kwenye bahasha za karatasi, moja moja, kisha ziweke kwenye kabati la chumba cha ndani, mbali na jiko na dari ya mabati.

Ukiskana, tumia angalau nukta 600 kwa inchi. Weka nakala tatu, moja iwe katika nyumba nyingine kabisa. Za mazishi ya Saitoti wengi walizipiga kwa simu, na kadi za kumbukumbu za simu za 2012 zinakufa: zihamishe wiki hii. Ukizituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo zitabanwa na kupoteza ubora.

Picha za mazishi zitunze pamoja na kijitabu cha ibada, kwa kuwa ndicho chenye tarehe na mpangilio wa wasemaji. Za jeneza na waombolezaji wanaolia usizitoe nje kabla ya kuuliza familia. Za mahali pa ajali usizisambaze kamwe.

Ukitaka kuipa picha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoko Moi Avenue, Nairobi, peleka nakala pamoja na orodha ya majina, na mwandikiane nani anaruhusiwa kuzichapisha. Nakala nyingine ipeleke kwenye shule iliyo pichani. Picha za asili zibaki kwako.