Mtoto Mchanga Husikia Maumivu: Titi Kwanza, Sindano Baadaye

Mwaka 1985, mjini Washington, Marekani, mtoto njiti alifunguliwa kifua na kupasuliwa bila dawa ya usingizi. Alipewa dawa ya kulegeza misuli tu, asiweze hata kufurukuta. Mama yake alipouliza baadaye, alijibiwa kwamba mtoto wa umri ule hasikii maumivu. Madaktari wengi waliamini hivyo kwa dhati. Miaka miwili baadaye Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji miili yao haikutaharuki sana, na walipata matatizo machache kuliko waliokosa.

Imani ile imekwisha, lakini mazoea yake yamebaki. Mtoto wa wiki 6 hulazwa chali mezani, mapaja yakashikwa, akachomwa, ndipo akarudishwa kwa mama sauti imeshamkauka. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto apakatwe na, inapowezekana, anyonyeshwe wakati wa chanjo.

Kwanza hutolewa matone ya chanjo ya rota, ambayo ni matamu. Kisha mama hukaa vizuri na kumweka mtoto titini, akasubiri hadi ashike chuchu sawasawa na kuanza kumeza. Hapo ndipo muuguzi huchoma paja lililoachwa wazi, bila kuvuta bomba kutazama damu, na sindano inayouma zaidi huja mwisho. Mtoto huachwa aendelee kunyonya. Haya yote hayana gharama, kwa hiyo mama asione haya kusema, “Nesi, naomba nimnyonyeshe kwanza.”

Vivyo hivyo mtoto anapotobolewa kisigino kwa kipimo cha VVU.

Njiti ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa huchomwa mara nyingi na huenda asilie kabisa. Maumivu yake huonekana usoni na mikononi: paji hukunjamana, macho hufumbwa kwa nguvu, vidole hutanuka. Kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, humtuliza, na baba naye anaweza kumbeba hivyo.

Hata kwa kumtuliza, mtoto asilambishwe asali kamwe kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli hadi ya kupumulia. Wala asipewe parasetamoli kabla ya chanjo. Haizuii uchungu wa sindano.