Mgonjwa Alifika Saa Ngapi? Tujifunze Kupima Huduma ya Dharura



Leo tutajifunza kupima. Hatutapima homa, wala uzito wa mtoto. Tutapima huduma anayopata mgonjwa wa dharura tangu anapofika mlangoni mwa kituo au hospitali. Vifaa vyake ni saa, kalamu na daftari. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuvitumia vyote vitatu. Kama huna saa ya mkono, saa ya simu inatosha.

Mgonjwa wa dharura ni yule asiyeweza kungoja. Ni mtu anayepumua kwa shida. Ni mtoto mwenye degedege, au aliyelegea hata hawezi kunyonya. Ni mtu aliyepoteza fahamu. Ni mama mjamzito au aliyejifungua anayetoka damu nyingi. Ni mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani. Ni mtu aliyeumwa na nyoka shambani. Hawa wote foleni haiwahusu.

Nitawaeleza jambo lililonipata nilipokuwa mafunzoni, katika kituo kimoja mbali na hapa Mwese. Asubuhi moja nilipewa kazi ya kuandika majina ya wagonjwa. Watu walikuwa wengi. Mama mmoja alikaa mwisho wa benchi, mtoto amefunikwa kanga. Hakulalamika. Alifuata foleni kama sisi wenyewe tulivyowafundisha watu. Mbele yake walikuwapo wenye mafua, na mmoja aliyekuja kufungwa kidonda upya.

Zamu yake ilipofika nilimsalimu, nikamwuliza jina la mtoto. Akanitajia. Nikaandika. Nikauliza umri, nikaandika. Nikauliza kijiji, nikaandika. Ndipo nilipofunua kanga. Mtoto alikuwa katika degedege, na mikono yake ilikuwa baridi. Tulikimbia naye ndani. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Katika daftari langu mtoto yule alionekana amehudumiwa vizuri. Jina lipo, umri upo, dawa ipo. Lakini muda aliokaa benchi haukuandikwa mahali popote. Nadhani ulipita saa moja. Sitajua kamwe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kalamu na sikuandika.

PIMA MUDA KWANZA

Ukimpeleka mgonjwa wa dharura, andika nyakati tano. Kwanza, dalili mbaya zilianza saa ngapi. Pili, mlitoka nyumbani saa ngapi. Tatu, mlifika kituoni saa ngapi. Nne, mhudumu alimtazama mgonjwa saa ngapi. Kumtazama maana yake ni kumwangalia na kumgusa, siyo kuuliza jina tu. Tano, dawa ya kwanza, oksijeni au dripu ilianza saa ngapi.

Sasa toa. Toa saa ya tatu katika saa ya nne. Jibu ni muda ambao mgonjwa alingoja bila kutazamwa. Mgonjwa mwenye dalili nilizozitaja anatakiwa atazamwe mara tu anapofika. Kadi na jina vitaandikwa baadaye.

Msiudhike nikisema kwamba nyakati mbili za kwanza zinatupima sisi wa nyumbani. Mara nyingi zinaonyesha kwamba usiku mzima ulipita tukisema tusubiri kupambazuke. Hapa kwetu milimani kuna baridi na giza, na masika barabara inakuwa tope. Sababu zipo, nazijua. Lakini saa haijali sababu, nayo iandikwe.

Je, kupunguza kungoja kunasaidia kweli? Tazama jirani zetu wa Malawi. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, watoto wagonjwa walikuwa wengi mno na walipokelewa kwa foleni. Zamani, katika kila watoto 100 waliolazwa, walikufa kati ya 10 na 18. Mwaka 2001 hospitali ilibadili mapokezi. Kila mtoto alitazamwa alipofika, na aliye hatarini alitangulizwa na kuanza kutibiwa papo hapo. Baadaye vifo vikashuka hadi kati ya 6 na 8 katika kila watoto 100. Jambo kubwa lililobadilika lilikuwa utaratibu wa mlangoni.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010. Ilikuwa ya kwanza nchini. Mwaka huohuo chuo cha Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa kazi hiyo. Sisi huku hatuna bingwa huyo. Lakini kumtazama mgonjwa mlangoni hakuhitaji bingwa. Hata mlinzi wa getini anaweza kufundishwa dalili za hatari, akaita mhudumu.

SAA YA KISWAHILI NA SAA YA DAFTARI

Hapa pana mtego, nasi tuliingia. Baba mmoja aliandika nyumbani kwake kwamba alifika na mgonjwa saa 3:00 asubuhi. Daftari la kituo lilisema mgonjwa alitazamwa 9:10. Mzee mmoja wa kamati alivaa miwani yake, akasoma makaratasi yote mawili, akaniuliza, "Daktari, kutoka saa tatu mpaka saa tisa na dakika kumi mlikuwa wapi?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, ni dakika kumi." Alidhani namficha kitu. Ilibidi tukae chini na kuhesabu. Saa ya simu na ya daftari huanza kuhesabu usiku wa manane. Saa yetu ya Kiswahili huanza jua linapochomoza. Tofauti yake ni saa 6. Simu ikionyesha 9:00 asubuhi, sisi tunasema saa 3. Ikionyesha 14:00, sisi tunasema saa 8 mchana.

Tulikubaliana hivi: wote tuandike kama simu inavyoonyesha. Ukisema kwa mdomo, sema unavyotaka.

SAA PEKE YAKE HAITOSHI

Uingereza waliweka sheria kali ya muda. Kuanzia mwaka 2004, karibu wagonjwa wote wa chumba cha dharura, 98 katika kila 100, walitakiwa wawe wamemaliza kuhudumiwa na kuondoka chumbani humo ndani ya muda wa saa 4. Kungoja kulipungua sana. Lakini walipotazama hesabu kwa makini, waliona wagonjwa wengi mno wakiondolewa dakika za mwisho tu kabla muda haujaisha. Kumbe wengine walihamishwa ili saa ionekane nzuri. Mwaka 2010 kiwango kilipunguzwa hadi wagonjwa 95 katika kila 100. Mtu ukimpima kwa kitu kimoja, atashughulikia kitu hicho kimoja. Hata mimi ningefanya hivyo.

Kwa hiyo tuulize pia: je, mgonjwa alipata kitu sahihi?

Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa kwa malaria kali. Damu ilipopimwa vizuri kwa darubini, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu. Hawafiki nusu. Na wale wasio na malaria ndio waliokufa zaidi. Kati yao walikufa kama 12 katika kila 100, na kati ya wenye malaria walikufa kama 7. Walikuwa na ugonjwa mwingine, na baadhi yao hawakupewa dawa ya ugonjwa huo. Huenda walihudumiwa haraka kabisa. Lakini walitibiwa malaria ambayo hawakuwa nayo.

Dawa nayo hupimwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya watoto 5,425 wa nchi mbalimbali za Afrika waliolazwa kwa malaria kali. Muheza na Korogwe zilishiriki. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Katika kila 1,000 waliopewa sindano ya atesuneti walikufa 85. Ndiyo maana siku hizi tunachoma atesuneti.

Basi ukiwa na mgonjwa wa homa kali, uliza kwa heshima. Je, damu imepimwa malaria? Je, mtoto mwenye degedege amepimwa sukari? Je, amepimwa uzito kabla ya sindano? Uzito ndio unaotueleza kiasi cha dawa. Mhudumu mzuri hatachukia. Akichukia, mwulize tena baada ya dakika tano.

VIFO VIHESABIWE KWA AKILI

Watu wengi husema, "Hospitali ile ni mbaya, wengi wanafia pale." Ngojeni kidogo. Hospitali ya Mpanda mjini hupokea wagonjwa waliozidiwa kutoka vijiji vingi. Zahanati inaweza isiwe na kifo hata kimoja kwa mwaka, kwa sababu kila mgonjwa mahututi hupewa barua ya rufaa na kufia njiani. Daftari la zahanati hiyo litakuwa safi kabisa. Kwa hiyo tunapaswa kufuatilia: yule tuliyempa rufaa alifika? Alifika saa ngapi? Alipona?

Wafuatilieni pia wale waliochoka kungoja wakarudi nyumbani bila kuonwa. Hao hawaandikwi popote. Na wale walioambiwa wamepona, wakarudishwa kituoni baada ya siku 2 hali imekuwa mbaya zaidi.

NANI APIME?

Wizara ya Afya ilipita nchini mwaka 2015 na 2016 ikizipa zahanati, vituo na hospitali nyota, kuanzia 0 hadi 5. Kupokea wagonjwa wa dharura na kutoa rufaa lilikuwa jambo mojawapo lililopimwa. Karibu theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Kipimo kile kilikuwa kizuri, lakini wakaguzi huja na kuondoka. Ninyi mpo kila siku.

Kituo kina kamati yake, na ndani yake mna wanakijiji mliowachagua. Wapelekeeni karatasi zenu za nyakati tano. Msije nazo kama askari anayekamata mwizi. Karatasi moja haisemi mengi, kwani huenda siku hiyo mhudumu alikuwa peke yake na akina mama wawili wa kujifungua. Karatasi 20 zikisema usiku watu hungoja kuliko mchana, hapo kamati ina la kuuliza: zamu ya usiku ina watu wangapi? Siku hiyohiyo iombe kuonyeshwa mtungi wa oksijeni. Usitazame kama upo. Tazama kama una hewa.

Kwa mama mjamzito, aliyejifungua, au mtoto mchanga mwenye hali mbaya, piga simu namba 115. Haitozwi pesa, na hutafuta usafiri wa kumpeleka panapofaa. Andika saa uliyopiga, na saa gari lilipofika.

Sisi hapa tumeongeza safu moja katika daftari: saa ya kufika. Mwanzoni mimi mwenyewe nilikuwa naisahau. Sasa ni kitu cha kwanza ninachoandika, baada ya kufunua kanga.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mtoto alifika kituoni 10:20. Alitazamwa 10:25. Sindano ilianza 11:40. Alingoja dakika ngapi kutazamwa? Alingoja dakika ngapi tena kupata sindano? Kikundi kiseme ni wapi palipo na tatizo.

2. Simu inaonyesha 20:15. Kwa Kiswahili ni saa ngapi?

3. Kutoka nyumbani kwako mpaka kituoni ni muda gani wakati wa kiangazi? Na wakati wa masika? Nani kijijini ana pikipiki inayoweza kuitwa usiku, na namba yake umeiandika wapi?