Ukigongwa Barabarani, Asiransi Inamlipa Nani?

Maswali haya tunaulizwa mara kwa mara na wakazi wa Gitega na Muyinga.

Taksi-moto imenivunja mguu nikivuka barabara. Asiransi yake inanihusu?
Ndiyo. Nchini Burundi chombo cha moto hakiruhusiwi barabarani bila bima ya dhima, yaani ile inayomlipa mtu mwingine aliyeumizwa na chombo hicho. Dereva mwenye kosa halipwi na bima hiyo kwa majeraha yake mwenyewe. Anahitaji bima nyingine, ya hiari.

Hospitali inadai pesa leo. Nani alipe?
Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Kampuni ya bima husubiri ripoti ya polisi ili ijulikane nani ana kosa, kwa hiyo mara nyingi ndugu hutangulia kulipa. Tunza kila risiti, ya dawa na hata ya nauli. Aliyeumia akiwa katika kazi ya mshahara, mwajiri wake aitaarifu INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii.

Tumesikia dereva akishalipa faini, madai yamekwisha.
Sivyo. Faini inaingia serikalini. Fidia ni ya majeruhi. Dereva akishtakiwa, majeruhi anaweza kudai fidia katika kesi hiyo hiyo.

Bashingantahe, wazee wapatanishi wa jamii, wametupatanisha. Bado naweza kudai?
Kupatana ni jambo jema. Ila soma unachotia saini: karatasi inayosema huna dai tena inaweza kukufungia mlango, na kampuni ambayo haikushirikishwa huenda isiyatambue makubaliano yenu.

Kampuni imeleta pesa nisaini. Nipokee?
Uliza kwanza: ni malipo ya awali au ya mwisho? Jeraha la uti wa mgongo au la kichwa haliwezi kupimwa kwa wiki mbili. Daktari husubiri hali itulie, kisha hukadiria ulemavu wa kudumu kwa asilimia, na fidia hutegemea sana kiwango hicho. Anayesaini malipo ya mwisho akiwa bado kitandani huuza asichokijua. Una haki ya kuomba muda, kusomewa karatasi kwa lugha unayoielewa, na kumwita mwanasheria.

Na lori likitoka Tanzania?
Malori mengi huingia Muyinga kupitia mpaka wa Kobero. Yanatakiwa kuwa na kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), bima ya kuvuka mipaka iliyoanza kazi 1987; Tanzania ilitoka COMESA lakini imebaki katika mpango huo. Fidia hufuata sheria za nchi ajali ilipotokea, yaani za Burundi.

Kampuni imekataa kulipa.
Usikubali jibu la mdomo. Omba barua inayotaja kifungu cha mkataba walichokitegemea, kisha uipeleke ARCA, wakala wa serikali unaosimamia kampuni za bima, au mahakamani. Haki ya kudai ina ukomo wa muda kisheria, kwa hiyo usikae na barua hiyo nyumbani.