PICHA YA MWEZI MPEVU INASHUHUDIA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (S.W.) aliyeumba jua na mwezi kwa hesabu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi, somo letu la mwaka huu linahusu jambo lililoingia madrasani kwa njia ya simu. Ramadhani inapofika katikati, hapa Kibaha na kwa ndugu zetu wa Kisarawe, huanza kuzunguka picha za mwezi uliojaa, na chini yake maneno kama haya: "Mnasema leo ni usiku wa 13, mbona mwezi umeshapevuka? Mmechelewa kufunga!" Upande wa pili nao hutuma picha yao. Nchini kwetu wako wanaofunga kwa tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, na wako wanaofuata kuandama kwa mwezi popote duniani, na wakati mwingine watu wa nyumba moja husali Idi siku mbili. Ikhtilafu hiyo ina wanazuoni wake na hatutaiamua katika ukurasa huu. Tunachouliza ni kidogo zaidi: je, picha ya mwezi mpevu inafaa kuwa shahidi katika shauri hilo?

Swali hili si geni. Katika Sahih Muslim, Kitabu cha Saumu, imepokewa habari ya watu waliotoka kwenda umra, wakafika mahali paitwapo Batn Nakhla wakauona mwezi mwandamo. Mmoja akasema huu ni wa siku tatu, mwingine akasema ni wa siku mbili. Walipomuuliza Ibn Abbas (R.A.), yeye hakuuliza ukubwa wake. Aliwauliza wameuona usiku gani, kisha akawaeleza mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mwezi ni wa usiku ule ulioonekana. Watu wale hawakuwa na simu, lakini hoja yao ilikuwa ile ile ya leo.

Sasa tuangalie hesabu. Mwezi mpya wa wanafalaki huanza pale mwezi unapokuwa upande mmoja na jua, na wakati huo hauonekani kabisa. Tangu hapo mpaka kupevuka hupita siku 14 na robo tatu kwa wastani. Lakini njia ya mwezi si duara kamili. Ukiwa karibu na dunia huenda mbio, ukiwa mbali huenda polepole. Kwa hiyo muda huo huweza kuwa siku 13.9 au kufika siku 15.6. Na sisi hatuanzi kuhesabu tangu hapo, bali tangu jioni ulipoonekana. Kwa kawaida mwezi hauonekani kwa macho matupu kabla ya kutimiza kiasi cha saa 15, na mara nyingi huhitaji zaidi.

Chukueni mfano. Mwezi umeandama jioni ukiwa na umri wa siku moja na nusu, ukapevuka baada ya siku 13.9. Toa, utapata siku 12.4, yaani ndani ya usiku wa 13. Mwezi mwingine umeonekana ukiwa na umri wa siku 0.8, ukapevuka baada ya siku 15.6. Toa, utapata 14.8, yaani mchana wa tarehe 15. Yote mawili ni sahihi na hakuna aliyechelewa kufunga. Mwenye kujua funga za Ayyamul Bidh, yaani siku nyeupe, atakumbuka kuwa ni tarehe 13, 14 na 15, si siku moja tu.

Hata hivyo hatusemi picha haina faida. Ikipigwa vizuri inafundisha mengi. Wengine huuliza kama inajuzu. Mwezi hauna roho, na ikhtilafu ya wanazuoni kuhusu picha ni ya viumbe vyenye roho.

Tatizo la picha nyingi tunazoletewa ni kwamba mwezi umetoka kama taa ya bodaboda, doa jeupe lisilo na kitu ndani. Sababu ni kuwa kamera huliona giza la mbingu likiwa kubwa, ikaongeza mwanga. Ilhali mwezi ni mwamba unaomulikwa na jua kali kama mawe ya hapa mchana. Basi gusa mwezi kwenye kioo cha simu kisha ushushe mwanga mpaka madoa yake yaonekane. Egemeza simu ukutani au juu ya mfuko wa mchanga, na tumia kihesabio cha sekunde ili kidole kisiitikise. Mwenye kamera ya kurekebisha kwa mkono aanze na f/11, ISO 100 na 1/100 ya sekunde. Walio Kisarawe watafute mahali palipoinuka penye mashariki wazi, wala wasiingie misitu ya Pugu usiku kwa ajili ya picha. Walio Mailimoja wajikinge na taa za barabara ya Morogoro.

Piga baada ya Maghrib, kisha kuza picha utazame ukingo. Huku kwetu karibu na ikweta, mwezi unapochomoza mashariki, ule ambao haujapevuka hupungua upande wa chini, na uliokwisha kupita hupungua upande wa juu. Kwenye upande uliopungua utaona vivuli vya mashimo na milima. Ukipevuka barabara vivuli hupotea, na hubaki mistari myeupe inayotoka katika shimo liitwalo Tycho, ukadhani ni chungwa lililomenywa. Macho matupu hayawezi kutofautisha vizuri, ndiyo maana mwezi huonekana "umejaa" siku mbili au tatu mfululizo.

Uhakika mkubwa zaidi hupatikana usiku wa kupatwa, kwa kuwa mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Tarehe 7 Septemba 2025 ulipatwa wote kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:52 usiku kwa saa za kwetu, na tarehe 27 Julai 2018 kuanzia saa 4:30 mpaka saa 6:13. Usiku kama huo kamera iwekwe pembeni mpaka iishe sala ya kupatwa.

Na jihadharini na picha nzuri kupita kiasi. Mwaka 2023 mtu mmoja alipiga picha ya mwezi uliofifishwa makusudi kwenye kompyuta, na simu yake ya Samsung ikatoa mashimo ambayo hayakuwepo. Kampuni ilieleza kwamba simu hutambua mwezi na kuboresha picha kwa akili mnemba. Simu ya namna hiyo inaongeza katika ushahidi kitu isichokiona, na kadhi hamkubali shahidi wa hivyo.

ZOEZI: Kila mwanafunzi mwenye simu nyumbani aombe ruhusa ya mzazi, apige mwezi usiku wa 13, 14 na 15 baada ya Maghrib, kutoka mahali pamoja. Aandike saa, mahali na jioni mwezi ulipoonekana, kisha aeleze ukingo upi umepungua.

Wallahu a'lam.