Bango Lisomeke, Makala Irekebishwe: Vidokezo 7 kwa Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili

Ukitembea kutoka Makina hadi Laini Saba, kuta za Kibera jijini Nairobi zinakusemesha: "Usitupe takataka hapa." "Ploti hii haiuzwi." Mpita njia huelewa bila kusimama. Bango la juu ya makala ya Wikipedia lina kazi iyo hiyo: kumweleza msomaji kuna nini na afanye nini. Kama unahariri makala kuhusu mtaa wako, Kibera au Kawangware, vidokezo hivi ni vyako.

1. Taja kasoro yenyewe. Bango la "Makala hii ina matatizo" halimsaidii mtu. Chukua idadi ya watu wa Kibera. Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa inafika milioni moja au kuizidi, lakini sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Bango hapo liseme: "Idadi ya watu katika aya ya kwanza inabishaniwa na haina chanzo." Msomaji atajua ni lipi la kutilia shaka, na mengine atayasoma kwa amani.

2. Malizia kwa kazi ya kufanya. Wikipedia ya Kiswahili huita makala fupi "mbegu", na kigezo chake, yaani bango lililo tayari, humwalika msomaji aihariri na kuongeza habari. Jina zuri hilo, kwa kuwa mbegu humwagiliwa maji. Fuata moyo huo: "Unajua jina la Gatina, Kawangware, lilitoka wapi? Ongeza hapa, na utaje chanzo."

3. Nyekundu itunze. Kibera, alama ya X nyekundu ukutani ni habari ya kubomolewa. Julai 2018, nyumba zilibomolewa kupisha barabara na maelfu wakabaki bila makao. Ukipaka nyekundu kila bango, utamshtua msomaji bure, na siku ya hatari yenyewe hatajali. Wikipedia ya Kiingereza ilipanga mabango yake upya mwaka 2007: sanduku la aina moja lenye mstari wa rangi kushoto. Nyekundu ni ya makala zinazopendekezwa kufutwa, rangi ya chungwa ni ya kasoro za maudhui, njano ya mtindo wa uandishi, buluu ya taarifa. Ongeza picha ndogo na maneno wazi, kwa kuwa wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

4. Pima kwa simu. Wengi watakusoma kwa simu, na bando lenyewe ni la kuhesabu. Sentensi mbili zinatosha. Toka nje juani, fungua ukurasa kwenye simu ya bei nafuu. Bango likijaza kioo chote, lipunguze.

5. Usirundike. Tangazo likibandikwa juu ya tangazo kwenye ukuta wa steji, hakuna linalosomwa. Kasoro tatu ziweke kwenye sanduku moja, nzito ikitangulia. Kasoro ikiwa ya sentensi moja tu, weka alama palepale kwenye sentensi na uuache mlango wa makala wazi.

6. Andika Kiswahili cha watu. Usihamishe kigezo cha Kiingereza neno kwa neno. Makala inayosimulia Kibera kwa uchafu na uhalifu tu, bila Wanubi walioanza kuishi hapo wala soko la Toi, iambie waziwazi: "Makala hii imeegemea upande mmoja. Ongeza historia na biashara za mtaa." Kisha msomee mama mboga au kinyozi wako kwa sauti. Akiuliza, "Unamaanisha nini?", andika upya.

7. Weka tarehe, na liwe na mwisho. Kigezo kionyeshe mwezi na mwaka, ili anayekuja ajue kasoro imekaa muda gani. Kiingize makala kwenye jamii yake pia, ili mhariri anayetafuta makala zisizo na vyanzo azikute zote mahali pamoja. Jambo lenye ubishi lieleze kwa kirefu kwenye ukurasa wa majadiliano. Aliyerekebisha kasoro aondoe bango siku hiyohiyo.

Mwaka 2009, Kibera ilikuwa pengo tupu kwenye ramani za intaneti. Vijana wa mtaa walizunguka vichochoroni na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakaweka shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji kwenye ramani. Maandishi ya Kiswahili kuhusu mitaa yetu nayo yanawangoja watu wa namna hiyo. Basi fungua makala ya mtaa wako leo, weka bango moja linaloomba jambo moja, kisha uwe wa kwanza kulitimiza.